Maji Ndani ya Mafuta ya Breki: Jinsi ya Kuzuia Kutu Kwenye Matangi ya Magari Makuukuu

Wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaijua kutu. Mabati ya nyumba za Mambrui na Ngomeni, vyuma vya madirisha vya Watamu, chasi za malori yanayobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni: ni nadra chuma kukaa karibu na bahari bila kuguswa nayo. Ndiyo maana wenye magari hupaka rangi, hupaka grisi chini ya chasi na kuosha magari kwa maji ya bomba baada ya kupita ufuoni.

Lakini ipo kutu nyingine inayoanzia mahali pasipopakwa rangi wala kuoshwa. Ni ndani ya vijitangi vinavyohifadhi mafuta ya breki na ya klachi, na ndani ya matangi ya mafuta ya usukani, ya trekta na ya jeki ya tipa. Gari linaweza kung'aa kwa nje huku mafuta yake ya breki yakiwa na rangi ya chai ya rangi na tope jekundu chini. Mara nyingine mwenye gari hujua hivyo siku pedali ya breki inapozama hadi sakafuni gari likiteremka na abiria ndani.

Makala haya yanaeleza kutu hiyo inatoka wapi, kwa nini pwani huipata mapema kuliko bara, na hatua ambazo mwenye gari, dereva na fundi wanaweza kuchukua. Hatua nyingi ni za gharama ndogo, na baadhi hazina gharama kabisa.

KAZI YA MAFUTA HAYO

Dereva anapokanyaga pedali, nguvu ya mguu wake husafiri hadi kwenye magurudumu kupitia mafuta. Pedali husukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda, pistoni husukuma mafuta kwenye paipu nyembamba, na mafuta husukuma pistoni nyingine kwenye kila gurudumu, ambazo hubana breki. Mfumo huu, unaoitwa haidroliki, unafanya kazi kwa sababu kitu cha majimaji hakikubali kubanwa kikapungua. Kinachosukumwa upande mmoja hutokea upande wa pili.

Magari ya abiria yalianza kuuzwa na breki za aina hii kwenye magurudumu yote manne mwaka 1921, kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilipotoa gari lake la Model A. Leo breki za gari dogo, pikapu na matatu ni za mafuta. Klachi za magari mengi hutumia mafuta hayo hayo. Usukani wa pawa, mikono ya trekta inayoinua jembe na jeki inayoinua bodi ya tipa hutumia njia hiyo hiyo, ingawa kwa mafuta ya aina nyingine.

Kila mfumo kati ya hiyo una tangi la akiba. Kwenye magari mapya tangi la breki ni la plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Kwenye magari mengi ya zamani, zikiwemo Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 ambazo bado zinafanya kazi mashambani, tangi ni la bati au ni sehemu ya chuma cha masta silinda yenyewe. Hapo kutu hupata mahali pa kuanzia.

MAJI HUINGIA VIPI

Ingawa huitwa mafuta, mafuta ya kawaida ya breki si oili. Hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na kemikali hizo zina tabia ya kufyonza maji kutoka hewani. Kila mpishi wa pwani ameona jambo linalofanana na hilo jikoni: chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika hulowa yenyewe bila mtu kuimwagia maji. Mafuta ya breki hufanya vivyo hivyo, polepole, mwaka mzima.

Hewa yenye unyevu hupita kwenye kifuniko cha tangi, hasa kama raba yake imekauka au imepasuka. Hupenya pia kidogo kidogo kwenye hozi za raba zilizo karibu na magurudumu. Na kila kifuniko kinapofunguliwa bila sababu, hewa nyingine huingia.

Tabia hiyo ya kufyonza maji ina faida yake. Maji yakitawanyika ndani ya mafuta hayakai mahali pamoja na kutoboa chuma hapo. Watengenezaji pia huchanganya ndani ya mafuta hayo dawa za kuzuia kutu. Tatizo ni kwamba dawa hizo huisha nguvu kadiri miaka inavyopita, wakati maji yanaendelea kuongezeka. Dawa zikichoka, chuma cha tangi, cha masta na cha paipu huanza kuliwa.

Maji hayo huleta hatari ya pili, nayo ni kuchemka. Viwango vinavyotumika duniani kote viliwekwa na Idara ya Uchukuzi ya Marekani, na herufi DOT zilizo kwenye chupa za mafuta ya breki zimetokana na jina la idara hiyo. Kwa kiwango hicho, mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji ya takriban asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180.

Asilimia 3.7 ni kidogo. Kwa lita moja ya mafuta ni kama vijiko saba vidogo vya chai vya maji. Lakini kiasi hicho kinatosha kuondoa nyuzi zaidi ya 60 kwenye uwezo wa mafuta kustahimili joto.

KWA NINI PWANI, NA KWA NINI MAGARI MAKUUKUU

Hewa ya Malindi na Kilifi ina unyevu mwingi mwaka mzima, na mvua za masika huanza mwezi Aprili na kufikia kilele mwezi Mei. Chumvi inayobebwa na upepo wa bahari hukaa kwenye vifuniko, kwenye nati na kwenye ncha za paipu, ikishikilia unyevu hapo hata jua linapowaka. Gari ambalo lingekaa miaka kadhaa Nakuru au Machakos bila mafuta yake kubadilika rangi linaweza kuonyesha dalili mapema zaidi hapa.

Kukaa bila kutembea huongeza tatizo. Gari linalotumika kila siku hupasha joto mafuta yake na pistoni zake husogea, hivyo kutu haipati nafasi ya kutulia. Katika kaunti hii, magari mengi ya utalii hupumzika kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wageni ni wachache. Ndiyo miezi ile ile yenye mvua na unyevu mwingi zaidi. Gari linaloegeshwa nyuma ya hoteli mwezi Aprili na kuwashwa Julai limekaa msimu mzima wa masika bila pistoni hata moja kusogea. Hali ni hiyo hiyo kwa gari la nyumba ya likizo ambalo mwenyewe hulitumia wiki chache kwa mwaka, na kwa trekta linalosubiri msimu wa kulima.

Magari ya zamani yana udhaifu mwingine. Mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, na mengine ya baadaye, yana mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote manne. Magari mapya yana mifumo miwili, kwamba mmoja ukivuja mwingine hubaki. Kwenye gari la mfumo mmoja, tobo dogo la kutu kwenye paipu moja linatosha kuondoa breki zote za mguu kwa pamoja.

KUTU INAVYOHARIBU BREKI

Madhara ya kutu hii hutokea kwa njia tatu, na kila moja ina dalili yake.

Ya kwanza ni kuvuja. Kutu huacha vishimo kwenye ukuta wa silinda ambao unapaswa kuwa laini kama kioo. Raba za pistoni hupita juu ya vishimo hivyo kila breki inapokanyagwa, zikichanika taratibu. Mafuta huanza kuvuja kwenye gurudumu, au hupita ndani kwa ndani kwenye masta bila tone kuonekana nje. Dereva huona pedali ikishuka polepole anapoikanyaga na kuishikilia kwenye taa au kwenye foleni.

Ya pili ni breki kung'ang'ania. Chini ya tangi, panapoingia masta silinda, kuna tundu dogo sana ambalo hurudisha mafuta juu dereva anapoachilia pedali. Chembe za kutu zikiliziba, mafuta hayarudi, na breki hubaki zimebana. Gari huwa zito, hula petroli zaidi, na magurudumu hutoa joto na harufu ya kuungua. Fundi anaweza kubadilisha breki pedi mara mbili au tatu bila kupata tiba, kwa sababu ugonjwa uko kwenye tangi.

Ya tatu ni mafuta kuchemka. Gari lililobeba mzigo mzito likiteremka kwa muda mrefu, kwa mfano kutoka Mariakani kupitia Mazeras kuelekea Mombasa, au kwenye vilima vya barabara ya Kaloleni, breki hupata moto mkali. Maji yaliyomo ndani ya mafuta hugeuka mvuke. Mvuke hubanwa, tofauti na mafuta, na mguu wa dereva huishia kubana mvuke huo badala ya kusimamisha gari. Pedali huzama. Baada ya nusu saa, breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa maji na pedali huwa ngumu tena. Gari likifikishwa gereji, hakuna kasoro inayoonekana. Dereva anayesema breki zilipotea kisha zikarudi anastahili kusikilizwa, na jambo la kwanza la kuangaliwa ni umri wa mafuta.

MATANGI YA TIPA, TREKTA NA USUKANI

Mafuta ya jeki ya tipa, ya trekta na ya usukani ni oili, nayo haichanganyiki na maji. Hapa maji hufanya kazi kwa namna nyingine.

Tangi la tipa lina tundu la kupumulia. Mchana, mafuta na hewa iliyo juu yake hupata joto, hupanuka, na sehemu ya hewa hutoka. Usiku tangi hupoa na kuvuta hewa mpya yenye unyevu wa bahari. Unyevu huo huganda kuwa matone kwenye ukuta wa ndani wa juu, pale ambapo oili haifiki. Kwa hiyo tangi la chuma hupata kutu juu kwanza. Kisha matone huteremka na, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini kabisa na kuanza kula sakafu ya tangi. Tangi lililojaa nusu lina ukuta mkubwa ulio wazi na hewa nyingi ya kuganda. Tangi lililojaa hadi alama ya juu lina nafasi ndogo.

Chembe za kutu huvutwa na pampu na kuikwaruza, kisha hufika kwenye vali na kuzizuia kufunga vizuri. Bodi ya tipa iliyoinuliwa inaweza kuanza kushuka yenyewe. Kwa sababu hiyo, kwenye machimbo ya mawe, kwenye maeneo ya kuchota mchanga na mahali pengine popote, mtu hapaswi kuingia chini ya bodi iliyoinuliwa kabla ya kuwekwa mhimili wa chuma wa kuizuia, hata kwa dakika moja ya kupaka grisi.

Dalili ya maji kwenye oili ni rangi ya maziwa. Fundi anaweza kuhakikisha kwa kudondosha tone moja kwenye kipande cha bati chenye moto, akiwa mbali na petroli na amekinga macho. Oili isiyo na maji hutoa moshi kimya kimya, na yenye maji hurukaruka na kutoa sauti kama ya kitunguu kikitumbukizwa kwenye mafuta moto.

Malori makubwa mengi hutumia breki za upepo, ambazo hazina mafuta. Hata hivyo matangi yao ya upepo hukusanya maji kwa sababu hiyo hiyo ya hewa kupoa. Vali iliyo chini ya kila tangi inapaswa kufunguliwa kila siku ili maji yatoke, isipokuwa kwa malori yenye vali inayojifungua yenyewe, ambayo nayo hukaguliwa.

HATUA ZA KUZUIA

Hatua ya kwanza na kubwa kuliko zote ni kubadilisha mafuta ya breki kwa kalenda. Madereva wengi hubadilisha oili ya injini kwa kuhesabu kilomita, na mafuta ya breki huongezwa tu yanapopungua. Lakini maji huingia hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo kilomita si kipimo. Watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Kwa gari kuukuu linalokaa karibu na bahari, kubadilisha kila mwaka ni busara, na wakati mzuri ni baada ya masika kumalizika.

Kubadilisha ni kuondoa mafuta yote ya zamani. Kumimina mafuta mapya juu ya yale machafu hakusaidii. Fundi hunyonya mafuta ya tangini kwa sindano kubwa, hufuta tope kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hujaza mafuta mapya, kisha hufungua nati ya kutolea hewa kwenye gurudumu moja baada ya jingine mpaka mafuta yanayotoka yawe safi. Wakati huo tangi halipaswi kuisha mafuta. Kwa gari kuukuu, pedali isikanyagwe hadi mwisho wakati wa kazi hii, kwani pistoni itafika sehemu ya silinda ambayo haitumiki kila siku na ambayo huenda ina kutu, na raba zitachanika. Kipande cha mbao chini ya pedali hutosha kuizuia.

Mafuta yaliyotolewa hayarudishwi kwenye tangi hata yakionekana masafi.

Hatua ya pili ni kifuniko. Raba iliyo ndani yake ikaguliwe, na ikiwa imepasuka au imelegea ibadilishwe. Kifuniko kilichopotea kisibadilishwe kwa kitambaa, gunzi la mahindi au kifuniko cha chupa nyingine. Vilevile, tangi lisizibwe kwa karatasi ya nailoni chini ya kifuniko. Vifuniko vingi vimetengenezewa nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo ikizibwa mafuta hayateremki vizuri. Kabla ya kufungua, kifuniko na sehemu inayokizunguka vifutwe mchanga na chumvi. Wanaoosha magari kwa mashine ya maji yenye nguvu wafunike eneo hilo na wasielekeze maji hapo.

Hatua ya tatu ni kuchagua mafuta sahihi. Aina inayofaa imeandikwa kwenye kifuniko cha tangi au kwenye kitabu cha gari. Oili ya injini, mafuta ya giaboksi au mafuta ya taa yakiingia kwenye breki za kawaida huvimbisha raba zote, na mfumo mzima hulazimika kufunguliwa. DOT 5, iliyotengenezwa kwa silikoni, haifyonzi maji, na wenye magari makuukuu ya maonyesho huipenda kwa sababu haili rangi. Lakini maji yakiingia humo hukusanyika sehemu za chini na kula chuma hapo hapo, na haipaswi kuchanganywa na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1. Kwa gari la kazi, DOT 3 au DOT 4 inayobadilishwa kwa wakati inatosha.

Inunuliwe chupa ndogo iliyofungwa. Chupa iliyofunguliwa na kukaa miezi kwenye rafu ya gereji imeshafyonza maji kabla haijafika kwenye gari.

Hatua ya nne ni kwa matangi ya oili. Yajazwe hadi alama ya juu kabla ya gari kuegeshwa kwa muda mrefu, bodi ya tipa ikiwa imeshushwa. Chujio la tundu la kupumulia lisafishwe au libadilishwe. Gari likikaa usiku kucha bila kusogea, asubuhi kabla ya kuwashwa, nati ya chini ya tangi ilegezwe kidogo ili maji yaliyotuama yatoke, kisha ikazwe. Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko hadi juu ya ekseli likaguliwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano ni kulitembeza gari lililoegeshwa. Dakika 20 za mwendo kila baada ya wiki mbili, huku breki, klachi na usukani vikitumika, husogeza pistoni na kupaka mafuta mapya ukutani.

TANGI LIKISHAPATA KUTU

Tangi la bati lenye kutu nyepesi linaweza kusafishwa. Hutolewa kwenye gari, humwagwa mafuta, na kutu hukwanguliwa kwa brashi. Kwa tangi la breki, usafi wa mwisho hufanywa kwa spiriti, kamwe si kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa, kwa sababu mabaki yake huharibu raba. Kisha tangi hukaushwa kabisa na kupakwa mafuta ya breki mara moja, kabla hewa ya bahari haijaanza kazi upya.

Mafundi wengine hufikiria kupaka rangi ndani ya tangi. Kwa tangi la breki hilo ni kosa la hatari. Mafuta ya breki hubandua rangi, na magamba yake huziba lile tundu dogo la masta haraka kuliko kutu. Kwa sababu hiyo hiyo, mafuta yakimwagika kwenye bodi ya gari yaoshwe papo hapo kwa maji mengi.

Tangi lenye vishimo virefu au tobo halifai kuzibwa kwa gundi. Libadilishwe. Masta silinda yenye vishimo kwenye ukuta wake haiponi kwa raba mpya peke yake, kwani ukuta utazichana tena baada ya wiki chache. Na tangi la oili la tipa lisichomelewe kabla ya kumwagwa, kuoshwa na kupitishwa hewa kikamilifu, kwa kuwa mvuke wa oili uliobaki ndani unaweza kulipuka.

MAFUTA MACHAFU YAENDE WAPI

Sehemu kubwa ya mwambao wa Kilifi imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu mengi. Mafuta yanayomwagwa nyuma ya gereji hayabaki juu. Hupenya hadi kwenye maji ya visima, na mengine hufika baharini, ambako Malindi na Watamu zina hifadhi za bahari zilizoanzishwa mwaka 1968. Sheria za mazingira nchini zinakataza kumwaga taka za aina hii ovyo.

Mafuta ya breki yahifadhiwe kwenye chombo chake, bila kuchanganywa na oili chakavu, na yote yakabidhiwe kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA. Yasiwekwe kwenye chupa za soda au za maji. Mafuta ya breki ni sumu yakinywewa, na mtoto hawezi kutofautisha.

WANAONUNUA NA WANAOBEBA ABIRIA

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu, breki zikiwemo. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Ukaguzi huo hupima kama breki zinashika siku hiyo. Jukumu la miezi inayobaki ni la mwenye gari.

Anayenunua gari lililotumika kutoka nje, hata likiwa jipya machoni, akumbuke kwamba kiwango cha Kenya cha KS 1515 kinaruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka 8. Gari linaweza kushuka bandarini Mombasa likiwa na umri wa miaka 7, na mafuta yake ya breki yakawa ya miaka mingi. Kubadilisha mafuta hayo kuwe kazi ya kwanza kabla ya kununua redio au rimu.

KWA UFUPI

Kila wiki: kuangalia kiasi na rangi ya mafuta ya breki bila kufungua kifuniko, ikiwa tangi ni la plastiki. Kiasi kikipungua, kutafuta sababu kabla ya kuongeza.

Kila mwezi: kwa tangi la bati, kufuta kifuniko, kukifungua na kuangalia kama kuna tope au wekundu. Kumwaga maji chini ya tangi la tipa.

Kabla ya masika: kubadilisha raba za vifuniko na chujio la tundu la kupumulia, na kujaza matangi ya oili.

Baada ya masika: kubadilisha mafuta yote ya breki na klachi, na kuandika tarehe kwenye kibandiko karibu na tangi ili fundi na dereva ajaye waione.

Wakati wowote: pedali ikizama, ikiwa laini kama sponji, au gurudumu likitoa joto lisilo la kawaida, gari lisibebe mtu mwingine mpaka fundi alifungue.